Mtambo wa upepo unazunguka vizuri tu lakini betri hazijai, tatizo liko wapi?

#1 Kijana_wa_Mwaloni
Wakuu habari za jioni. Niko mwalo mmoja upande wa Sengerema, nina kibanda cha kuchajia taa za dagaa na simu. Mwaka juzi nilinunua mtambo mdogo wa upepo wa mapanga matatu toka kwa jamaa mmoja Dar, wanasema ni kilowati moja, nikaufunga juu ya bomba la mita 9 nyuma ya kibanda. Betri nne za N200, mfumo wa volti 24. Mwaka wa kwanza nilikula raha, upepo wa ziwa ukianza mchana mpaka saa 11 jioni wavuvi wanapokuja kuchukua taa zao kila kitu kimejaa na chenji inabaki.

Sasa tangu mwezi wa tano mtambo unazunguka vizuri tu, tena naona kama unaenda kasi kuliko zamani, unalia vuuuu mpaka mbuzi wa jirani wanauangalia, lakini jioni betri ziko nusu. Fundi wa kwanza kasema betri zimekufa, wa pili kasema kontrola (kile kifaa cha kusimamia chaji), wa tatu kala elfu thelathini yangu akasema upepo wa siku hizi umepungua, akaondoka. Hivi wale wenye mashamba makubwa ya upepo kama kule Turkana, Kenya, wanafanyaje mitambo yao isizeeke hivi? Wana mamia, mimi mmoja tu unanitoa jasho.

#2 Bwana_Sato
Nimeweka kiti hapa mbele nasubiri wataalamu. Huyo wa elfu thelathini ndo nimempenda.

#3 Mtu_wa_Nyegezi
Usimcheke sana fundi wa tatu, anaweza kuwa na hoja. Nguvu ya upepo haipungui kwa hesabu ya kawaida, inaenda kwa kasi mara kasi mara kasi, yani kasi ikiwa maradufu nguvu inakuwa mara nane. Kwahiyo upepo ukishuka toka mita 6 kwa sekunde kwenda mita 5, kwa macho huoni tofauti yoyote, bendera inapepea vilevile, ila nguvu iliyopotea ni kama asilimia 42. Swali langu moja tu, kuna kitu kipya kimejengwa karibu na huo mtambo? Maana mita 9 ni fupi sana mkuu. Inatakiwa mapanga yawe juu kama mita 10 kuzidi chochote kilicho ndani ya mita 100, mti, nyumba, jiwe. Na sisi wa Mwanza kwa mawe hatujambo.

#4 Kijana_wa_Mwaloni
Mkuu #3 umenishtua. Mwezi wa nne kuna tajiri wa mitumbwi kajenga stoo ya dagaa upande wa ziwani, bati limepanda hasa. Kati ya stoo na mtambo wangu ni kama hatua arobaini. Sikuwahi kuunganisha.

#5 Mtu_wa_Nyegezi
Kesi imefungwa. Upepo ukipita juu ya bati unachafuka, unafika kwako umevurugika kama maji nyuma ya boti. Mapanga yatazunguka ndio ila nguvu hamna. Pandisha bomba.

#6 Dagaa_Mkavu
Kesi haijafungwa kokote. Mleta mada kwani wewe betri zako unazihesabu siku gani? Giza likiingia mitumbwi yote inaenda dagaa, taa zinaletwa hamsini kwa siku. Mbalamwezi ikiwaka wanalala nyumbani unaletewa simu nane. Sasa mtu ukipima kwenye giza lazima useme betri hazijai. Mi nilikuwa na kibanda cha hivyo Kayenze, nilimfukuza fundi bure kumbe wateja ndo wameongezeka.

#7 Kijana_wa_Mwaloni
Hilo nalijua mkuu, hata mbalamwezi ya mwezi uliopita hazikujaa.

#8 Fundi_Waya
Wote mmesoma posti ya kwanza lakini mmeruka neno la muhimu. Kasema UNAZUNGUKA KASI KULIKO ZAMANI. Jamani. Mtambo unaochaji betri unakuwa mzito, umeme unaovutwa unayakaba mapanga. Ukiona unazunguka mwepesi na kulia vuuu maana yake hauna kazi, ni kama baiskeli iliyokatika cheni, pedali zinaenda vizuri ila baiskeli imesimama. Kwahiyo siyo upepo, upepo ukipungua au ukichafuka usingeenda kasi.

Mitambo hii midogo inatoa waya tatu, fezi tatu, zinashuka hadi kwenye kontrola zinageuzwa kuwa umeme wa betri. Waya mmoja ukikatika au kiungo kikishika kutu, zinabaki mbili, mtambo unazunguka, unaunguruma, unatikisika kidogo, na chaji inashuka vibaya. Chomoa kwenye kontrola upime volti kati ya waya 1 na 2, 2 na 3, 1 na 3. Ziwe sawa zote. Zikipishana umempata mwizi.

#9 Bwana_Sato
Kwahiyo muda wote huu jamaa amefunga pangaboi kubwa la kupunga mbuzi 😂

#10 Jaduong_wa_Pwani_ya_Ziwa
Habari majirani, mimi niko upande wa Homa Bay. Nimefanya vibarua kule Loiyangalani, kwenye hilo shamba la upepo la Turkana, karibu miaka miwili, kwa hivyo swali la mashamba makubwa wacha nijibu hilo.

Pale kuna mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Hakuna mtu anasubiri uharibike ndio apande. Kila mtambo una vipimo ndani, joto la beringi, joto la mafuta ya giaboksi, mtikisiko, kasi, umeme unaotoka, yote yanaenda kwa kompyuta kwa chumba kimoja. Jamaa amekaa pale anaona namba 212 inatoa kidogo kuliko jirani zake na upepo ni uleule, hiyo peke yake inatosha kumtuma fundi. Hiyo ndiyo siri kubwa, unalinganisha na jirani. Halafu mafuta ya giaboksi wanachukua kidogo kwa kichupa wanapeleka maabara, wakikuta vumbi la chuma ndani wanajua gia inakulika kabla haijapiga kelele. Grisi kwa ratiba, nati za mnara zinakazwa kwa spana yenye kipimo siyo kwa hasira za fundi.

Na wanapanda wakati upepo umetulia. Ukisimamisha mtambo wakati upepo ni mzuri unapoteza pesa, na mtu akiwa juu mita 44 kwa upepo mkali hiyo siyo kazi tena. Spea ndio taabu, ile barabara ya kutoka Laisamis ni zaidi ya kilomita 200, ilibidi waitengeneze kwanza ndio mapanga yapite. Ukisahau kibolti kimoja umepoteza siku mbili.

#11 Mtu_wa_Nyegezi
Shukrani jirani. Kwahiyo wao wana chumba cha kompyuta, mwenzetu ana mbuzi.

#12 Dagaa_Mkavu
Mbuzi naye ni kipimo, kashaona tatizo kabla ya mafundi watatu.

#13 Kamanga_Feri
Huo wa Turkana ndo mkubwa kuliko wote Afrika, na unafanya kazi asilimia 97 ya muda, nilisoma mahali. Wa kwetu hatuna hata mmoja Tanzania nzima.

#14 Mhandisi_Mstaafu
#13 kijana wangu umeweka makosa matatu kwenye mistari miwili. Ulitajwa kuwa mkubwa kuliko yote Afrika ulipounganishwa na gridi mwaka 2018, lakini Wamisri wa Ghuba ya Suez wameshaupita. La pili, hizi asilimia tisini na kitu ni za utayari, yaani mtambo uko mzima unasubiri upepo. Haina maana unatoa umeme wake wote muda wote. Mtambo unaweza kuwa mzima asilimia 97 na bado kwa mwaka ukatoa theluthi tu ya uwezo wake, kwa sababu upepo hauji kwa amri. Turkana wana bahati ya upepo unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ndiyo maana wao wanapata zaidi ya kawaida. La tatu, Mufindi kule Mwenga kuna mitambo mitatu, megawati 2.4, ilianza 2020. Ni midogo lakini ipo.

Niongeze moja ambalo jirani wa Homa Bay hakuligusa. Mitambo ile ya Turkana ilikamilika kabla ya njia ya umeme ya kilomita 428 kwenda Suswa, ikakaa muda mrefu inasubiri. Watu walidhani mtambo uliosimama unapumzika. Beringi isiyozunguka inaumia, gololi zinakaa palepale, upepo unatikisa kidogo kidogo, zinachimba vishimo kwenye chuma na grisi inasukumwa pembeni. Ndiyo maana mtambo unaosubiri nao una ratiba yake ya matunzo.

#15 Kamanga_Feri
Shikamoo mzee, nimenyooka.

#16 Mama_Samaki_Igombe
Wanangu mimi sina umeme mwingi kichwani ila nina mgahawa kando ya ziwa mwaka wa kumi na mbili. Mnajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji? Wakija jioni nafunga madirisha. Feni ya mgahawani nisipoifuta wiki mbili mapanga yanakuwa na ukoko mweusi upande ule unaokata upepo, na upepo wenyewe hausikii tena, feni inapiga kelele tu. Nikifuta kwa maji ya sabuni inarudi. Huyu kijana kafuta lini mapanga yake?

#17 Kijana_wa_Mwaloni
Shikamoo mama. Sijawahi hata siku moja 🙈

#18 Msomaji_Ilemela
Mama #16 amegusa kitu ambacho kiliwasumbua wazungu miaka. Kule California mitambo ilikuwa inapoteza umeme bila sababu, siku mbili zenye upepo uleule, leo inatoa vizuri kesho inatoa nusu. Watafiti wawili wa Uholanzi, Corten na Veldkamp, mwaka 2001 wakaeleza kuwa ni wadudu. Wadudu wanaruka upepo ukiwa mdogo, wanapasukia kwenye ukingo wa panga, na upepo mdogo panga chafu halijali sana. Upepo mkali ukija wadudu hawaruki, ila ule ukoko wa jana upo, hewa inashindwa kulifuata panga vizuri, umeme unaanguka. Ndo maana watu walikuwa hawaunganishi, uchafu unaingia siku moja na hasara inaonekana siku nyingine. Mvua ikinyesha inasafisha, mtambo unapona wenyewe na fundi anachukua sifa.

Sasa angalieni kalenda. Kasema tangu mwezi wa tano. Mvua Mwanza zinakata lini?

#19 Bwana_Sato
Aiseee.

#20 Fundi_Waya
Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini zile za California zilikuwa ni mitambo ya zamani ambayo mapanga yamekazwa hayageuki, yanategemea umbo lake yenyewe kujizuia upepo ukizidi. Na bado hamjanijibu, panga chafu linazungukaje KASI ZAIDI? Uchafu unapunguza mwendo. Mnamtajia kijana magonjwa yote ya hospitali na yeye ana waya uliokatika.

#21 Mama_Samaki_Igombe
We fundi, kuna mtu aliyempimia hiyo kasi? Kasema "naona kama". Mimi nikiona kama nimenenepa haina maana nimenenepa.

#22 Mwana_Ukerewe
😂😂 mama kamaliza. Mimi naungana na fundi kuwa ni waya ila sababu yake ni nyingine. Sisi wa visiwani tunajua mchana upepo unatoka ziwani unaingia nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kila siku. Sasa kichwa cha mtambo nacho kinageuka kila siku kuufuata. Kama ndani hamna zile pete za kupitisha umeme, waya umeshuka moja kwa moja ndani ya bomba, na kichwa kina tabia ya kugeukia upande uleule, basi waya unasokotwa mzunguko mmoja kwa siku. Wa kwangu ulikatika hivyo, nilipouvuta ulikuwa kama kamba ya nanga. Ile mikubwa inahesabu mizunguko yake, ikijisokota mara kadhaa inasimama inajirudisha yenyewe kinyume.

#23 Kijana_wa_Mwaloni
Wakuu nimepima leo mchana kwa mita ya kuazima. Waya 1 na 2 nimepata 38, waya 2 na 3 nimepata 21, waya 1 na 3 nimepata 20. Fundi #8 naona unacheka huko.

#24 Fundi_Waya
Sicheki, nakunywa soda. Waya namba 3.

#25 Mtu_wa_Nyegezi
Umepima zote kwa wakati mmoja? Maana ukipima ya kwanza upepo umevuma, ya pili na ya tatu upepo umetulia, utapata hizohizo. Rudia mara tano tano.

#26 Mhandisi_Mstaafu
Kabla ya kurudia: ulipochomoa waya mtambo ulikuwa unaenda bila mzigo, sivyo? Usifanye hivyo tena kwenye upepo mkali. Bila mzigo unakimbia mpaka panga linaweza kuchomoka, na panga likichomoka halichagui pa kwenda. Funga waya zote tatu pamoja kwanza, mtambo utakabwa na kuzunguka polepole sana. Na hiyo yenyewe ni kipimo, ukizifunga mtambo usikabike, waya mmoja hauko kazini.

#27 Kamanga_Feri
Mzee swali la pembeni, kwanini serikali isijenge shamba la upepo hapa Mwanza? Ziwa lote hili.

#28 Mhandisi_Mstaafu
Upepo wa ziwa ni mzuri kwa ngalawa na kwa kibanda cha taa, unakuja saa zake na kuondoka saa zake. Wawekezaji waliopima wamekuwa wakitazama Singida na Makambako, huko uko imara zaidi. Na ndege je? Kule Kipeto, Kajiado, wana watu wa kuangalia tai, tai wakikaribia mtambo unasimamishwa. Hapa kwetu na furukombe na makundi ya mbayuwayu ungesimamisha mtambo mara ngapi kwa siku?

#29 Mzaliwa_wa_Tanga
Njooni Tanga tuna kusi na kaskazi, upepo wenye majina.

#30 Dagaa_Mkavu
Wenye majina kaeni nao, sisi wetu una dagaa.

#31 Mwana_Ukerewe
Mleta mada na radi je? Ziwa hili usiku kwa radi halina mchezo. Umefunga ethi, ule waya wa kupeleka radi ardhini?

#32 Kijana_wa_Mwaloni
Nilijaribu, kile chuma kilishuka sentimita arobaini kikagonga jiwe, nikakikata kilichobaki nikafukia.

#33 Mwana_Ukerewe
Hahaha ethi ya heshima. Kwenye mawe chuma kimoja hakisaidii, laza waya wa shaba kwenye mtaro mrefu kuelekea kwenye udongo wenye unyevu, ukifika majini karibu na ziwa ndo vizuri zaidi. Kontrola yako inaweza kuwa imeshapigwa nusu na hujui.

#34 Fundi_Waya
Haya sasa radi nayo imeingia. Ikifika posti ya hamsini tutasema karogwa.

#35 Kijana_wa_Mwaloni
Wakuu mrejesho. Leo asubuhi kabla upepo haujaanza nimefunga zile waya tatu pamoja, nimeita vijana sita wanaovuta nyavu tukalaza bomba kwa kamba polepole. Nilichokuta:

Mapanga yana ukoko wa kahawia ukingo wote wa mbele, mgumu kama ukoko wa ugali, nimekwangua kwa kucha vikatoka vibawa vidogo vidogo. Mama #16 nimekukumbuka. Panga moja lina jino limemegeka nchani, sijui lini. Ndani ya bomba waya umesokotwa kama alivosema Mwana Ukerewe, na pale jamaa wa Dar alipounga kwa gundi nyeusi waya namba tatu umeota kutu ya kijani, ulikuwa umeshikwa na nyuzi kama nne tu. Beringi nikizungusha kwa mkono inasikika kama ina mchanga. Nikaona nisiishie hapo, nikafungua betri, mbili zimekauka mpaka bati za ndani zinaonekana.

Nimeosha mapanga kwa sabuni, nimeunga waya upya kwa kiunganishi cha kubana na kuunyoosha wote, beringi nimeweka grisi kwa muda mpaka nipate mpya, betri nimeongeza maji ya betri. Saa 8 bomba limesimama tena.

#36 Msomaji_Ilemela
Umefanya VYOTE siku moja?? Sasa tutajuaje ilikuwa nini!

#37 Kijana_wa_Mwaloni
Mkuu mimi nachaji taa, sifanyi utafiti 😂

#38 Jaduong_wa_Pwani_ya_Ziwa
Angalau nunua daftari. Kila siku saa moja asubuhi na saa 11 jioni andika volti za betri, taa ngapi umechaji, na upepo ulikuwaje. Huna jirani wa kulinganisha, basi linganisha na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita.

#39 Mama_Samaki_Igombe
Na mapanga ufute kila mwezi mpaka mvua zirudi.

#40 Fundi_Waya
Nyuzi nne. NYUZI NNE. Na bado kuna watu humu wanasema wadudu.

#41 Kijana_wa_Mwaloni
Wabeja sana wote. Jana saa 10 jioni betri zilijaa, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Mtambo unazunguka mzito kidogo kuliko juzi, hauliii tena, mbuzi wameacha kuja. Ila niseme ukweli ni mbalamwezi, nimechaji taa nne tu. Na jana upepo ulikuwa mkali wa ajabu, umeng'oa mabati mawili ya stoo ya tajiri.

#42 Mtu_wa_Nyegezi
Hayo mabati mawili yaliyong'oka ni ya upande unaoelekea mtambo wako?